Maji ya Njombe Yanachemka Mapema

Barua zake hazikuwa na salamu. Kwetu barua huanza na salamu nyingi. Unauliza afya ya wazee, ya watoto na ya mifugo, unaeleza na ya kwako, na jambo lenyewe linakuja mwishoni, karatasi ikiwa imebaki kidogo. Yeye alianza hivi: "Umeona nini?" Chini yake alipiga mstari, na chini ya mstari kulikuwa na somo.

Bibi yangu hakujua kusoma lakini alipenda kusomewa. Barua ya kwanza ilipofika alikasirika.

"Mtu gani huyu? Hata kamwene hasemi?"

Kamwene ndiyo salamu yetu Wabena. Nikamwambia huyu ni mwalimu, na hilo ni somo. Bibi akachochea moto chini ya sufuria ya chai, akasema, "Basi amefundisha mpaka amesahau watu."

Nilipokuja kuonana naye ana kwa ana nilikuta mambo ni kinyume. Ukikutana naye Makambako, alikusalimu mpaka miguu ikachoka. Aliuliza ya nyumbani, ya shambani na ya safari, na akimaliza alianza tena, kana kwamba jibu la kwanza lilikuwa la majaribio. Sikujua kamwe ni yupi aliyekuwa yeye wa kweli, yule wa karatasi au yule wa barabarani. Siku hizi nikimkumbuka wanakuja wote wawili, mmoja ameshika kalamu na mwingine amekunyooshea mkono, na kati yao kuna mvuke.

Tulimwita Mwalimu wa Bahasha. Yeye mwenyewe nyuma ya bahasha aliandika tu "Mwalimu, nyuma ya duka la spea, Makambako", na majibu yetu yalifika.

Alifundisha sayansi watu asiowaona. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalipoanza kujaa, na marobota ya mitumba yakafunguliwa hadharani kando ya barabara. Yeye alikuwa amefundisha sekondari muda mrefu, kisha ikaja orodha ya watumishi wanaopunguzwa, na jina lake likawemo. Wakati huohuo mabasi ya watu binafsi yaliongezeka katika barabara yetu. Wengine waliyaona mabasi wakafikiria abiria. Yeye alifikiria bahasha. Alikubaliana na makonda, akapanga chumba nyuma ya duka la spea, akatangaza kwamba mtu yeyote aliyeishia darasa la saba anaweza kusoma sayansi akiwa kwake, kwa wakati wake, akimaliza kupalilia au kufagia.

Tulikuwa tisa. Mama mmoja alifagia wodi huko Tandala. Ndugu wawili walilima Lugarawa. Mwenye duka la spea naye alijiandikisha. Alikuwa mtu wa Tanga aliyehamia Lyamkena, pembeni mwa Makambako, akaoa huko, na alisema haiwezekani elimu itoke nyuma ya duka lake halafu yeye asiipate. Wengine walikuwa huku na huko milimani. Na mimi nilikuwa Njombe, nauza chai na viazi vya kuchemsha stendi pamoja na Bibi.

Nasema nauza, lakini aliyekuwa akiita wateja ni Bibi. Mimi nilikaa nyuma ya sufuria, mvuke ukinifunika uso, na hapo nilikuwa na raha. Shuleni mwalimu akiniuliza swali, jibu nililijua, lakini mdomo ulikataa. Ulikataa mpaka darasa la saba, na mtihani ulipopita nikabaki nyumbani. Kwa hiyo niliposikia kuna mwalimu asiyekutazama, moyo wangu ulitulia kama mtu aliyeambiwa alale.

Bahasha zililetwa na konda mmoja mpenda utani. Alizipunga hewani tangu basi halijasimama.

"We binti wa chai! Mchumba wako wa Makambako huyu! Lakini mbona anaandika kama serikali? Bahasha ya kaki!"

"Ni mwalimu," Bibi alimjibu kwa niaba yangu.

"Bibi, hata mimi nilimwambia mke wangu ni mwalimu."

Watu walicheka, nami niliinama nikapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Naandika polepole. Ukurasa mmoja unaweza kunichukua siku tatu, kwa sababu kila neno nalitazama kwanza kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Nilimwandikia kwamba nasikitika nachelewesha kazi. Alijibu pembeni mwa karatasi yangu kwa wino wake wa kijani: "Mlima nao ulichelewa kuinuka. Endelea." Hakutumia wino mwekundu. Alisema mwekundu ni wa damu na wa benki.

Mwandiko kwake ulikuwa ndiyo sura. Nyuso za watu zilimpita kama mawingu, lakini mwandiko hakuusahau. Mama wa Tandala alinisimulia kwamba alipokwenda Makambako mara ya kwanza alisimama mbele ya Mwalimu, akajitambulisha kwa jina, na Mwalimu akamtazama kwa adabu kama anavyotazamwa mgeni. Mpaka alipoandika jina lake kwenye ganda la sigara. Hapo Mwalimu akaruka kwenye kiti. "Aa! Mama wa herufi zinazolala!" Akaanza kumsalimu upya.

Masomo yake hayakuwa na mwisho. Yaliishia katikati, mahali ambapo mtu anataka kugeuza ukurasa, na ukurasa wa pili ulikuwa mtupu. Somo la mbegu liliishia: "Sasa weka harage kwenye pamba yenye maji, karibu na dirisha, na siku ya tano..." Basi. Siku ya tano ilikuwa yako. Kama hukuiweka mbegu hukuwa na cha kumwandikia, na yeye hakuwa na cha kukujibu. Nilipomuuliza kwa nini mzizi unakwenda chini hata nikiigeuza mbegu, hakunijibu. Alilituma swali langu Lugarawa kwa wale ndugu wawili, ambao waligeuza mbegu zao mara nne, wakabishana, na jibu lao likanifikia baada ya majuma mawili likiwa na doa la udongo. Hivyo ndivyo nilivyowajua. Tulikuwa kama watu wanaolala vyumba tofauti katika nyumba moja kubwa ya ukungu, na kila mmoja anasikia mwingine akikohoa.

Kuna wakati nilinyamaza. Lilikuja somo la uzito wa hewa, kwamba hewa inatukandamiza pande zote nasi hatusikii. Nilisoma mara kumi. Sikuelewa, na nikaona aibu kuandika kwamba sielewi. Miezi miwili ikapita. Nikajisemea kwamba mambo haya yana wenyewe.

Ndipo konda akaja na bahasha nyepesi. Niliifungua, haikuwa na kitu. Nikaipindua, nikaipuliza, nikaichungulia. Ndani yake kulikuwa na bahasha nyingine tu, tupu, iliyokwisha kuandikwa anwani yake kwa wino wa kijani.

Bibi akaishika mkononi, akaipima. "Huyu anakungoja," alisema.

Nilichukua karatasi nikaandika neno moja, "Sijaelewa." Jibu lake nalo lilikuwa neno moja, "Vizuri." Chini yake kulikuwa na agizo: nichukue chupa ya plastiki, nitie maji ya moto kidogo, nitikise, nimwage, nifunge kizibo upesi, kisha nikae nitazame bila kuigusa. Nilifanya hivyo stendi, asubuhi ya baridi kali. Chupa ilikaa kimya, kisha ikaanza kujikunja yenyewe, polepole, kama mtu anayekumbuka jambo la kuhuzunisha. Wateja wawili walirudi nyuma. Mmoja akasema ni uchawi. Bibi akamwambia, "Ni Makambako."

Sanduku lake la maabara lilikuwa kopo kubwa la biskuti. Lilizunguka kwa mabasi kutoka kwa mwanafunzi hadi mwanafunzi, kila mtu siku kumi. Ndani yake kulikuwa na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, lenzi ya kurunzi, mishumaa, ndimu iliyokauka, na karatasi alizozipaka maji ya maua ili zibadilike rangi ukizichovya kwenye maji ya majivu. Alisema mtu akishaipindua dunia kwa mikono yake mara moja, hawezi tena kudanganywa kirahisi.

Na bado yeye mwenyewe hakuweza kuwasha jiko la mafuta ya taa. Alijiunguza vidole kila mara, mpaka mwenye duka la spea akawa anamwashia. "Anajua moto ni nini," mwenye duka alituambia, "ila hawajaelewana."

Makambako siku zile walikuwa wakiuza vijitabu vya maswali na majibu ya mitihani. Vijana walivipanga chini juu ya nailoni, karibu na vitana na betri. Mwalimu hakuvipenda. "Sasa kila kitu kinauzwa, hata majibu," alisema. Lakini alivinunua. Alivinunua vingi, na kurasa zake ndizo alizofungia ndimu na mishumaa ndani ya sanduku. Kwa hiyo majibu yote tulikuwa nayo, yamekunjamana, yananuka nta, na hakuna aliyeyasoma.

Udhaifu wake ulikuwa sukari. Tulisikia kwamba anaweka vijiko vitano katika kikombe kimoja, na nilipomwona kwa macho yangu vilikuwa sita. Mama wa Tandala, aliyekuwa akisikia maneno ya wodini, alimwonya.

"Mwalimu, utaumwa."

"Mama, nilipanga foleni ya sukari miaka mingapi? Nilikunywa chai chungu na kusema asante. Niache nilipize kisasi."

Mtu aliyetufundisha kupima kila kitu kwa nusu kijiko hakutaka kupima hicho kimoja.

Sasa naja kwenye kipimajoto.

Kilikuwa kimoja tu. Kilisafiri ndani ya kipande cha mwanzi, wa ileile mianzi inayotoa ulanzi, pombe yetu, kimefungwa kwa pamba na kipande cha kitenge. Pamoja nacho lilizunguka daftari moja. Agizo lilikuwa fupi: chemsha maji mpaka yatokote, pima, andika ulichokiona, mpelekee mwenzako. Na chini aliandika jambo ambalo hajawahi kuliandika. Mkuu wa maabara katika hospitali moja ya misheni alikuwa amemwomba mtu mmoja wa kujifunza kazi. Hataki cheti, aliandika Mwalimu, anataka mtu wa kuaminika. "Nitamchagua kwa daftari hili."

Nilisoma mstari huo nikiwa nimesimama, kisha nikakaa. Maabara. Mahali penye utulivu, penye vioo, ambapo hakuna anayeita wateja. Sikuwahi kutaka kitu hivyo maishani mwangu. Nilikitaka mpaka niliona haya hata mbele ya Bibi.

Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye mzunguko. Nilipofungua daftari nilikuta wenzangu wote wanane wamekwisha kuandika. Tandala: mia moja. Lugarawa: mia moja, mia moja. Lyamkena: mia moja, tena kwa wino mzito. Hata mimi nilikuwa najua ni mia moja. Tulisoma shule ya msingi kwamba maji huchemka kwa nyuzi mia moja.

Nilipokitoa kwenye mwanzi kiliniponyoka, kikaangukia kitandani, juu ya blanketi. Hakikuvunjika. Nikateleka maji ya chai kama siku zote. Maji ambayo nimeyachemsha tangu nikiwa mdogo, sufuria baada ya sufuria, na sikuwahi kuyauliza neno. Yakatokota. Nikatumbukiza kipimajoto, nikakishika katikati, nikapangusa mvuke, nikasoma.

Tisini na tatu.

Nikaongeza kuni. Maji yalirukaruka mpaka yakamwagika. Tisini na tatu. Nikapuliza moto mpaka machozi yakanitoka. Ule mstari mwembamba ulisimama palepale, kama mbuzi aliyekataa kuvuka daraja.

Bibi akauliza, "Kuna nini?"

"Maji hayafiki, Bibi."

"Hayafiki wapi? Si hayo yanachemka?"

Nilijua basi kwamba nimekiharibu, pale kitandani. Kipimajoto kimoja cha watu tisa. Nikafikiria wale wanane walioandika mia, nikafikiria maabara, nikachukua kalamu. Niliandika 100. Kwa mara ya kwanza niliandika upesi.

Daftari likaondoka na basi. Mimi nikabaki na ile mia. Ilikaa nami nyuma ya sufuria. Kila maji yalipochemka niliiona ndani ya mvuke, na chini yake niliiona tisini na tatu, na ile ya chini ilikuwa na uso wa kweli. Siku ya kumi nilichukua karatasi. Nikaandika: "Mwalimu, nimekiharibu kipimajoto. Nilikiangusha. Kwangu kilisoma tisini na tatu nami nikaandika mia kwa uongo. Nafasi ya hospitali mpe mwingine. Nisamehe." Mistari hiyo michache ilinichukua siku tatu, na nilipompa konda hakunitania. Nadhani aliona uso wangu.

Jibu likaja: "Njoo Jumamosi Makambako. Njoo na sufuria yako."

Alikuwa akiwakusanya wanafunzi mara chache kwa mwaka, siku aliyoiita siku ya vitendo. Mimi sikuwahi kwenda. Safari hii Bibi aliniosha sufuria mwenyewe, akaikwangua masizi, akanisindikiza hadi mlangoni mwa basi. Njia nzima niliipakata. Miti ya miwati na mashamba ya chai vilikuja na kupotea kwenye ukungu, na nilitamani basi lisifike.

Nilimkuta mlangoni. Mtu mfupi, koti la mtumba limempita magoti, mfukoni kalamu mbili za kijani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaniuliza ya Njombe, ya mvua, ya basi, na macho yake hayakuwa na habari kabisa kwamba mimi ni nani. Kisha akanipa kipande cha chaki, akanionyesha ukuta. "Andika jina lako hapa, mwanangu."

Niliandika. Akaifuata chaki kwa macho mpaka nikamaliza, na nilichelewa kumaliza.

"Wewe," akasema taratibu. "Mwenye k ya mkia mrefu. Karibu. Hiyo sufuria ndiyo shahidi?"

Wenzangu walikuwa wamekaa kwenye viti vya mbao na masanduku ya spea. Mwenye duka akawasha jiko. Maji yakachemka. Mwalimu akachukua kipimajoto kilekile, akatuamuru tuje mmoja mmoja, tusome, tuandike kwenye kikaratasi, tukunje, tusiambiane. Nilipofika mimi nilisoma tisini na tano kasoro kidogo. Nikaandika hivyo. Nilidhani kimeanza kupona.

Akafungua vikaratasi. Tisini na tano. Tisini na nne. Tisini na tano. Watu wakaanza kutazamana. Cha mwisho kiliandikwa mia moja kwa wino mzito.

"Hiki cha nani?"

Mwenye duka akainua mkono. "Changu, Mwalimu. Wallahi niliona tisini na tano. Lakini nikasema, kitabu hakiwezi kukosea, macho yangu ndiyo mabovu."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani sikuchemsha. Kuchemsha cha nini, na kila mtu ameandika mia?"

Chumba kikacheka, kisha kicheko kikafa chenyewe, kwa sababu kila mtu alikumbuka ya kwake. Mama wa Tandala akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilichemsha. Niliona tisini na tatu. Nikasema kuni za mvua."

"Sisi tulisema sufuria chafu," akasema mmoja wa wale ndugu wa Lugarawa.

Hivyo ndivyo ilivyotoka. Wanane walikuwa wameficha kitu kilekile, kila mtu peke yake katika kilima chake, kila mtu akidhani ni kosa lake. Mwalimu hakugomba. Alitoa chupa ya plastiki iliyokunjamana kama ile yangu, akaiweka mezani. Akatueleza kwamba hewa inayakandamiza maji nayo, na huku kwetu juu hewa ni pungufu, haikandamizi kwa nguvu, kwa hiyo maji hayahitaji joto kubwa ili yatokote. Mia ni ya pwani. Makambako wako chini kidogo, wana tisini na tano. Njombe ni juu zaidi, tisini na tatu.

"Kitabu hakikudanganya," alisema. "Kiliandika kilichokiona kikiwa chini. Ninyi mko juu. Mlitakiwa mkisaidie."

Mwenye duka alikuwa amekunja uso, anafikiri. Ghafla akapiga paja. "Mwalimu! Basi ndiyo maana maharage?"

"Maharage gani?"

"Kwetu Tanga maharage unayainjika, unaswali, yameiva! Hapa mke wangu anapika mchana kutwa, bado yanarukaruka kwenye sahani. Miaka sita namwambia hajui kupika!"

"Maji yake yana joto dogo," Mwalimu alisema. "Mke wako anajua kupika."

"Nenda kamwombe radhi," mama wa Tandala akadakia. "Tena leo. Na mwambie umepimiwa."

Ilipotulia Mwalimu akafungua daftari, akanisogezea. Nilijua anataka nini. Nikaanza kuifuta ile mia kwa kidole na mate. Akanishika mkono.

"Hapana. Kosa halifutwi. Linapigwa mstari mmoja, lisomeke, na la kweli linaandikwa kando yake. Ukilifuta, kesho utalirudia."

Nikapiga mstari mmoja. Nikaandika 93. Kisha akasema kwamba hospitali nitakwenda mimi.

"Lakini Mwalimu," yule ndugu wa Lugarawa akasema, bila chuki, "naye aliandika mia kama sisi."

"Ndiyo. Alidanganya kama ninyi. Ila mia yake ilimnyima raha siku kumi. Zenu zilikuwa zimelala."

Akaniambia niseme neno mbele ya wenzangu. Nilisimama. Nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Sufuria ilikuwa bado inatokota, na watu wote walinisubiri kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi. Mwalimu akanipungia mkono nikae.

"Utasema siku nyingine," alisema. "Sina haraka. Mimi ni mtu wa bahasha." Akajitilia chai, vijiko sita.

Nina miaka mitatu sasa hapa maabara. Ninaosha vioo, ninapanga vichupa, na majaribio yale mepesi nimeruhusiwa kuyafanya. Mkuu wangu ni mtu wa maneno machache, na tunaelewana. Barua za kijani ziliendelea kuja, kisha zikawa na herufi kubwa kubwa, kisha mistari ikaanza kupandiana, kisha zikakatika. Nilituma bahasha tupu yenye anwani yangu. Haikurudi.

Alikuja mwezi uliopita. Sikumtambua haraka, kwa sababu koti lilikuwa lilelile lakini mtu ndani yake alikuwa amepungua. Mwenye duka la spea alimleta akimshika kiwiko, akabaki nje. Karatasi ya daktari ilisema mkojo upimwe sukari. Alisalimia mlango, akasalimia kabati, akanisalimia mimi, nikamwamkia, na nilijua kwamba hanioni. Sura hakuwahi kuzijua. Sasa hata mwandiko usingenisaidia, macho yalikuwa yameingia ukungu.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Ile dawa ni ya buluu, buluu kama mrututu wa shambani. Unaidondoshea matone machache ya mkojo, unachemsha, unatazama. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, kuna kidogo. Ikiendelea kubadilika, ni nyingi. Nikawasha taa ya spiriti. Maji yakaanza kutokota kwenye kopo, mapema kama kawaida yake huku kwetu, na mvuke ukapanda kati yangu naye. Buluu ikawa kijani. Nikaomba ikomee hapo. Kijani chake, cha kalamu zake. Ikapita. Ikawa manjano, ikawa ya machungwa, ikawa nyekundu.

Nikamwaga nikaanza upya. Nikaosha kichupa mara mbili, kwamba labda ni kichafu. Nikafanya tena, na tena. Kalamu nilikuwa nayo mkononi, na karatasi, na neno kijani ni fupi kuliko neno nyekundu.

"Unarudia," alisema kutoka kwenye benchi. Alikuwa akisikiliza. "Nasikia kioo. Umeona nini?"

Kumwambia mgonjwa ugonjwa wake si kazi yangu. Hiyo ni ya daktari, na sikuigusa. Lakini yeye hakuuliza ugonjwa. Na hakuwa na macho ya kusoma ambacho ningeandika. Mdomo wangu ukakataa kama ulivyokataa shuleni, kama ulivyokataa Makambako. Nilitazama kichupa. Niliandika kwanza kwenye fomu, kwa sababu hivyo ndivyo ninavyoweza. Kisha nikaisoma kwa sauti.

"Nyekundu, Mwalimu. Nyekundu ya tofali lililoiva. Nimerudia mara tatu."

 Akainamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya mtu anayesoma herufi za mbali.

"Ni wewe," alisema. "Tisini na tatu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kumbe una sauti." Akatafuta mkono wangu hewani, nikampa. "Vizuri," akasema.

Nikamkabidhi fomu, nikamshika kiwiko, tukaanza kwenda kwa daktari. Ukumbi ulikuwa umejaa watu kwenye mabenchi. Alisalimia kila mmoja wao, ya nyumbani, ya shambani, ya safari, na akimaliza alianza tena, nami sikumharakisha. Nilisimama naye mpaka kila salamu ikaisha.